Kadi ya pointi au ya kurudishiwa fedha: Ipi inamlipa mfanyabiashara?

MFANYABIASHARA wa Mwanza anayefuata mzigo Kampala, Nairobi, Dubai au Guangzhou siku hizi hakosi kadi ya benki mfukoni. Tiketi analipia kwa kadi, hoteli kwa kadi, na mara nyingine sehemu ya mzigo wenyewe. Watoaji wa kadi wanalijua hilo, na kila mmoja ana chambo chake. Wapo wanaotoa pointi, wapo wanaorudisha asilimia fulani ya fedha iliyotumika, na wapo wanaochezesha droo.

Swali ambalo msomaji anapaswa kujiuliza ni moja tu: katika kila Sh 100 ninazolipa kwa kadi, ni shilingi ngapi zinazonirudia kweli mkononi? Ukishapata jibu la swali hilo, matangazo yote yanakuwa na kipimo kimoja. Na kwa kipimo hicho, kwa wafanyabiashara walio wengi, kadi inayorudisha fedha kwa kiwango kimoja ni salama zaidi kuliko ya pointi, hata pale pointi zinapoonekana nono. Hata hivyo yapo mambo mawili, deni na makato, yanayoweza kumeza faida ya kadi zote mbili. Tuyaangalie moja baada ya jingine.

Mifumo miwili

Mfumo wa kwanza ni wa pointi. Unanunua, unahesabiwa pointi, na pointi zikifika idadi fulani unazibadilisha kwa tiketi ya ndege, vocha ya duka, muda wa maongezi au bidhaa. Mashirika ya ndege ndiyo yaliyoukuza. American Airlines ya Marekani ilianzisha mpango wake wa kuwatuza abiria wa mara kwa mara mwaka 1981, na mwaka 1987 mpango huo ukaunganishwa na kadi ya mkopo ya Citibank. Tangu hapo mtu akawa anajipatia safari ya ndege kwa kununua sukari na mafuta ya gari.

Mfumo wa pili ni wa kurudishiwa fedha. Kadi ya Discover, iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1986, ndiyo iliyoupatia umaarufu. Mteja alirudishiwa sehemu ndogo, isiyozidi asilimia moja, ya fedha alizotumia. Mwaka 2014 Citi ilitoa kadi yenye kiwango kimoja kwa manunuzi yote: asilimia moja unaponunua na asilimia moja nyingine unapolipa deni lako. Mfumo huu hauna jedwali la kusoma. Umetumia kiasi fulani, umerudishiwa kiasi fulani.

Hapa kwetu kadi nyingi zilizo mikononi mwa watu si za mkopo. Ni zile zinazokata fedha iliyopo kwenye akaunti. Zawadi zake kwa kawaida ni ndogo kuliko za kadi za mkopo. Lakini hesabu ni ile ile kwa kadi zote, na hata kwa fedha ya simu, kama tutakavyoona.

Zawadi inatoka wapi?

Benki haitoi sadaka. Mteja anapolipa Sh 100,000 kwa kadi, mwenye duka hapokei Sh 100,000 zote. Benki iliyomfungia mashine inakata kamisheni. Sehemu ya kamisheni hiyo inakwenda kwa benki iliyotoa kadi, na sehemu nyingine kwa mtandao wa kadi kama Visa au Mastercard. Zawadi ya mteja inatoka kwenye fungu la benki iliyotoa kadi. Nyongeza yake inatoka kwenye ada ya mwaka, na kwa kadi za mkopo, kwenye riba ya wale wasiolipa deni kwa wakati.

Ushahidi upo Ulaya. Mwaka 2015 Umoja wa Ulaya uliweka kikomo kwenye fungu hilo: asilimia 0.2 kwa kadi za akaunti na asilimia 0.3 kwa kadi za mkopo. Chanzo kilipokauka, zawadi nazo zikapungua, na kadi kadhaa za Uingereza zilipunguza au kuondoa kabisa fedha walizokuwa wakiwarudishia wateja. Marekani, ambako makato ya mwenye duka yalibaki makubwa, zawadi zilibaki nono.

Mwenye duka naye si mjinga. Anayajua makato hayo na anayaingiza kwenye bei, iwe kwa wote au kwa mwenye kadi peke yake. Hilo tutalirudia.

Hesabu ya mwaka mmoja

Tuchukue mfano wa mwenye duka la spea Mtaa wa Rwagasore anayelipa kwa kadi Sh 3,000,000 kila mwezi, yaani Sh 36,000,000 kwa mwaka. Ana kadi mbili za kuchagua. Viwango hivi ni vya mfano tu. Msomaji aweke vya benki yake.

Kadi A inarudisha asilimia moja ya kila manunuzi. Ada yake ni Sh 40,000 kwa mwaka. Kwa mwaka itarudisha Sh 360,000. Ukitoa ada, zinabaki Sh 320,000.

Kadi B inatoa pointi moja kwa kila Sh 1,000. Ada yake ni Sh 100,000 kwa mwaka. Kwa mwaka mwenye duka atakuwa na pointi 36,000. Sasa pointi hizo ni sawa na shilingi ngapi? Inategemea anazitumia wapi:

Akizibadilisha kwa tiketi ya ndege, tuseme kila pointi inakuwa na thamani ya Sh 15. Jumla Sh 540,000, ukitoa ada Sh 440,000.

Akizibadilisha kwa vocha ya duka, kila pointi ina thamani ya Sh 5. Jumla Sh 180,000, ukitoa ada Sh 80,000.

Akizisahau, amepoteza ada yake ya Sh 100,000.

Kwa hiyo Kadi B inaweza kumshinda A kwa Sh 120,000, au kushindwa kwa Sh 240,000, au kumtia mtu hasara tupu. Ili zilingane, kila pointi lazima imletee mteja karibu Sh 12. Chini ya hapo Kadi A imeshinda.

Tena kuna suala la muda. Tuseme tiketi inahitaji pointi 50,000. Mwenye duka wetu anapata pointi 3,000 kwa mwezi, hivyo ataifikia mwezi wa 17, akiwa ameshalipa ada mara mbili. Thamani ya tiketi ni Sh 750,000. Ukitoa ada mbili zinabaki Sh 550,000. Kwa muda huo huo Kadi A imempa Sh 510,000, na ukitoa ada mbili zinabaki Sh 430,000. Tofauti ni ile ile Sh 120,000, ila safari hii ameisubiri karibu mwaka mmoja na nusu. Mwenye Kadi A alikuwa akipokea Sh 30,000 zake kila mwezi na kuziingiza dukani. Fedha iliyozungushwa kwenye mzigo kwa miezi 17 inaweza kuzaa, lakini pointi iliyolala haizai kitu.

Mwekezaji mdogo naye afikirie hivyo hivyo. Fedha iliyorudi anaweza kununulia vipande vya mifuko ya UTT AMIS, au kuiongeza kwenye akiba ya kununulia hisa. Hakuna dalali anayepokea pointi.

Bei ya pointi hupangwa na aliyeitoa

Tofauti kubwa kati ya pointi na fedha ni nani mwenye kauli ya mwisho juu ya thamani yake. Shilingi yako haipangiwi bei na benki iliyokupa kadi. Pointi inapangiwa.

Mfano ulio karibu nasi ni Bonga Points za Safaricom ya Kenya, zilizoanza mwaka 2007. Si za kadi ya benki, lakini wafanyabiashara wetu wanaovuka Sirari kwenda Migori na Kisumu na kutumia laini za huko wanazifahamu. Mteja alipata pointi moja kwa kila shilingi 10 za Kenya alizotumia kwenye simu. Mwaka 2020 kampuni iliruhusu pointi kulipia bidhaa madukani, kila pointi ikihesabiwa senti 30. Kwa kipimo chetu hiyo ni asilimia 3, kiwango kizuri sana. Lakini tazama jinsi kilivyo tete: mtoaji akishusha pointi hadi senti 20, asilimia 3 inakuwa 2 kwa siku moja, hata kwa pointi ulizozikusanya miaka iliyopita.

Kuna hatari nyingine ya muda kuisha. Oktoba 2022 Safaricom ilitangaza kuwa pointi zilizokaa zaidi ya miaka mitatu zingefutwa kuanzia Januari 1, 2023. Tangazo hilo pekee lilitosha kumkumbusha kila mteja kuwa pointi si akiba. Kwenye vitabu vya kampuni pointi zisizotumika ni deni, na kila mwenye deni hupenda lipungue.

Hatari ya tatu ni kampuni yenyewe kuanguka. Nakumatt, mtandao wa maduka makubwa wa Kenya uliofika hadi Moshi, Arusha na Dar es Salaam, ulikuwa na kadi ya pointi iliyopendwa na wateja wengi. Kampuni ilizidiwa na madeni, maduka yakafungwa moja baada ya jingine, na Januari 2020 wadai walipiga kura ifilisiwe. Rafu zikiwa tupu, kadi ya pointi ni kipande cha plastiki tu. Aliyekuwa akipata punguzo lake pale pale kaunta hakuwa na cha kudai.

Gawio la fedha ya simu

Kwa wengi wa pwani ya ziwa, kuanzia Mwaloni Kirumba hadi visiwa vya Ukerewe, kadi bado ni jambo la safari. Dagaa wanauzwa kwa keshi au kwa simu. Hivyo ni vema kulinganisha pia na kile ambacho fedha ya simu inatoa.

Fedha zote zilizomo kwenye pochi za simu huwekwa benki katika akaunti ya udhamini, na huko huzaa riba. Septemba 2014 Tigo Pesa, ambayo tangu mwishoni mwa 2024 inaitwa Mixx by Yas, iligawa zaidi ya Sh bilioni 14 kwa watumiaji wake wapatao milioni 3.5, mawakala wakiwemo. M-Pesa na Airtel Money nazo ziliingia katika utaratibu wa kugawa faida hiyo.

Gawio hili linafanana na kurudishiwa fedha kwa sababu linakuja kwa shilingi, bila kubadilishwa. Lakini msingi wake ni tofauti. Kadi inakulipa kwa fedha unayotumia. Gawio linakulipa kwa fedha unayobakiza. Wakala mwenye floti ya wastani wa Sh 5,000,000 kwenye simu, kiwango kikiwa kwa mfano asilimia 6 kwa mwaka, atapata Sh 75,000 kila robo mwaka. Mchuuzi ambaye fedha yake inaingia asubuhi na kutoka jioni atapata kidogo sana, hata kama amezungusha mamilioni.

Kwa hiyo asiwepo mtu wa kuacha fedha nyingi ya mtaji ikae kwenye simu kwa kufuata gawio. Floti ya wakala lazima ikae, na gawio lake ni nyongeza nzuri. Mtaji wa duka mahali pake ni kwenye mzigo.

Droo

Njia ya tatu ni droo, kama ilivyokuwa kampeni ya MastaBata ya NMB: tumia kadi yako, uingie katika bahati nasibu. Picha za washindi zinavutia, lakini kipimo chetu hakibadiliki. Tuseme kwa mfano washindi 100 wanapewa Sh 100,000 kila mmoja, na walioingia ni watu 200,000. Zawadi zote ni Sh milioni 10. Ukizigawa kwa walioingia, nafasi ya kila mmoja ina thamani ya Sh 50. Kama ulikuwa utumie kadi hata hivyo, Sh 50 hizo hazina ubaya. Kununua usichohitaji ili uingie kwenye droo ni hasara.

Deni linameza yote

Sasa tuje kwenye jambo la kwanza kati ya yale mawili. Kadi ya mkopo ikilipwa yote kila mwezi, mteja amekopeshwa bure kwa wiki kadhaa. Asipolipa yote, riba inaanza.

Turudi kwa mwenye duka wetu wa spea mwenye Kadi A. Amerudishiwa Sh 30,000 za mwezi. Lakini kwenye bili ya Sh 3,000,000 amelipa Sh 2,000,000 na kubakiza Sh 1,000,000. Riba ikiwa asilimia 3 kwa mwezi, atatozwa Sh 30,000. Zawadi ya mwezi mzima imekwisha kwa kubakiza theluthi moja tu ya deni. Akibakiza mwezi wa pili, analipia mfukoni.

Kanuni hapa ni rahisi: anayebakiza deni asiangalie zawadi kabisa. Atafute kadi yenye riba ndogo, au aende benki akaombe mkopo wa kawaida wa biashara ambao riba yake aliisoma kabla ya kusaini.

Bei ya keshi, bei ya kadi

Jambo la pili ni makato. Kwenye maduka ya jumla ya mjini Mwanza, bei inapatikana kwa kupatana, na mwenye keshi ana sauti. Katoni ya Sh 50,000 ikishushwa hadi Sh 49,000 kwa anayelipa taslimu, hilo ni punguzo la asilimia 2. Anayeng'ang'ania kadi ili arudishiwe asilimia moja amepoteza asilimia moja. Kabla ya kutoa kadi, uliza: "Nikilipa taslimu, au kwa kuhamisha benki, unanipunguzia kiasi gani?"

Nje ya nchi mambo ni makali zaidi. Ukilipa kwa shilingi ya Uganda, dirham au yuan, benki yako inabadilisha fedha kwa kiwango chake, na nyingine inaongeza ada juu yake. Tofauti ikifika asilimia 3, kurudishiwa asilimia moja ni kufidiwa theluthi tu ya ulichokatwa. Aidha, mashine za huko wakati mwingine zinauliza kama ulipe kwa shilingi ya Tanzania au kwa fedha ya nchi hiyo. Kwa kawaida chagua fedha ya nchi hiyo. Ukichagua shilingi yako, mwenye mashine ndiye anayepanga kiwango, na hakipangi kwa faida yako.

Ndani ya nchi, wengi wanakumbuka tozo ya miamala ya simu ya Julai 2021, iliyofika hadi Sh 10,000 kwa muamala mmoja kabla ya kupunguzwa kwa asilimia 30 Septemba mwaka huo. Hakuna pointi wala gawio lililoweza kufidia makato ya namna hiyo. Makato yakibadilika, hesabu yako ya zamani imekufa; ianze upya.

Maswali ya kuuliza benki

Kabla ya kusaini fomu, mfanyabiashara apate majibu ya maswali haya, na kwa maandishi:

1. Ada ya mwaka ni kiasi gani, na je, mwaka wa kwanza ukiwa bure, wa pili ni kiasi gani?

2. Pointi moja ni sawa na shilingi ngapi nikiitumia kwa kitu ninachokihitaji kweli?

3. Pointi zinaanza kutumika zikifika ngapi, na zinaisha muda baada ya miezi mingapi?

4. Je, fedha ya kurudishiwa ina kikomo kwa mwezi, na inaingia lini kwenye akaunti?

5. Manunuzi gani hayahesabiwi? Kutoa fedha kwenye ATM, kulipa kodi na kuhamisha fedha mara nyingi hayamo.

6. Kiwango cha kubadilisha fedha za kigeni kinapangwaje, na ada yake ni asilimia ngapi?

7. Riba ni asilimia ngapi kwa mwezi, na inaanza kuhesabiwa siku gani?

Nani achague ipi?

Kadi ya pointi inamfaa mtu anayesafiri kwa ndege mara kwa mara kwa shirika lile lile, anayelipa deni lote kila mwezi, na anayetumia pointi mara zinapofika. Mtu huyo yupo Mwanza, lakini si wengi. Kwa mfano wetu, faida yake ilikuwa Sh 120,000 zaidi kwa mwaka.

Kadi ya kurudishia fedha kwa kiwango kimoja inamfaa mwenye duka ambaye hana muda wa kusoma majedwali, ambaye safari zake ni za basi leo na ndege mwezi ujao, na ambaye kila shilingi inayorudi ina kazi. Haitampa tiketi ya kujivunia, lakini haimwachi akiwa na hasara ya ada.

Anayebakiza deni, au anayenunua kwa jumla mahali penye punguzo la keshi, hana haja na yoyote kati ya hizo mbili kwa sasa.

Chukua taarifa zako za benki za miezi mitatu iliyopita. Jumlisha kilichokurudia, toa ada, riba na makato, kisha gawanya kwa jumla ya ulicholipa kwa kadi. Usipopata hata senti 50 kwa kila Sh 100, kadi yako haikulipi. Wewe ndiye unayeilipa.